Uzi wa Kioo na Majivu ya Mzee Jairo

Siku Mzee Jairo alipojitosa kwenye shamba la chai la watu, keni la maziwa mkononi na koti la kanisani mwilini, wapita njia walidhani kafukuzwa na nyuki. Nyuki hawakuwapo. Aliyekuwapo ni Tulia, mke wa mwanawe Lugano, akija kwa mbele na mwavuli wake. Na Jairo alikuwa mtu wa mila: mkwe na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, wala hawashiki chombo kimoja. Akachutama katikati ya michai mpaka mwavuli ukapita, maji ya mvua yakimchuruzika shingoni kutoka kwenye majani. Maziwa hayakumwagika hata tone, na hilo ndilo alilolisimulia baadaye, kwa majivuno.

Hapo kijijini Kinyala wengi walikuwa wameshailegeza mila hiyo. Fred, mwenyekiti wa chama cha wafugaji, alikula meza moja na wake wa wanawe na kuwaomba chumvi kwa kinywa chake mwenyewe.

"Nikingoja ukuta unipe chumvi, nitakufa na mboga chapwa," alisema.

Jairo alimsikitikia. Kwake heshima ilikuwa kama ua wa nyumba: ukishang'oa mti mmoja tu, mbuzi wa jirani kapata njia. Na Tulia hakulalamika. Alikuwa binti wa kijiji cha Lupepo, kalelewa na bibi yake, na akisikia kikohozi cha baba mkwe upande huu alijua kuzunguka nyuma ya migomba upande ule. Wakaishi hivyo, boma moja, kama jua na mwezi.

Kati yao alikuwapo Atuganile, mke wa Jairo. Huyo ndiye aliyekuwa daraja: neno la huku likavuka kwenda kule, la kule likaja huku, na maziwa aliyapeleka yeye kwenye kituo cha chama. Sasa binti yao aliyeolewa Kisiba kajifungua, Atuganile kaenda kumtunza, na daraja limeondoka pamoja na sufuria kubwa na vitenge vyote vizuri. Ikambidi Jairo apeleke maziwa mwenyewe. Na kituoni, kwenye chumba cha ndani, ndiko alikokuwa anafanya kazi Tulia.

Tulia alikuwa kasoma kemia mpaka chuo kikuu, akarudi na sanduku ambalo hakuna aliyelielewa. Chama kikaitisha mkutano ili aeleze. Alisema akiwa chumbani, mlango wazi, wanachama wamekaa barazani. Jairo alisimama nje ya kona, ameupa ukuta mgongo, masikio ameyaacha yaende yenyewe.

"Mnaujua mkongo unaoleta intaneti," alisema Tulia. "Ndani yake mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Ukiwasha taa huku, mwanga unakimbia ndani ya uzi mpaka mwisho. Mimi nimeuchukua uzi kama huo, nikauvua ngozi kwenye ncha, nikaosha ncha kwa asidi mpaka kioo kikabaki uchi. Lakini kioo kilicho uchi hakishiki rangi. Ukipaka leo, kesho imetoka. Kwa hiyo nimekipaka kwanza dawa yenye mikono miwili. Mkono mmoja unakamata kioo, mkono wa pili unakamata rangi."

"Na rangi yenyewe kazi yake nini?" akauliza Fred.

"Kuonja. Ukiitumbukiza kwenye maziwa mazima, mwanga unarudi wa kijani. Maziwa yaliyoanza kuchacha, unarudi wa njano. Yaliyotiwa magadi ili uchachu usijulikane, bluu. Na ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, naye maziwa yake hukimbilia bluu."

"Kwa hiyo huo uzi una ulimi."

"Una ulimi, baba. Ila hauna umbea."

Watu wakacheka. Hata Jairo kule konani alicheka, akajifanya anakohoa.

Kilichompendeza zaidi ni ukuta. Sanduku la mwanga lilitaka kukaa ndani, pakavu, mbali na ukungu wa kwetu unaoingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Kwa hiyo nyuzi zilipitishwa kwenye tundu ukutani zikatokea barazani, mfugaji atumbukize ncha kwa mkono wake, asije akasema mtaalamu kamwonea. Juu ya tundu kulikuwa na taa ndogo ya kuonyesha rangi iliyorudi, kila mtu aione. Kila mwanachama alikuwa na uzi wake, na ncha yake ilikaa ndani ya kichupa cha maji safi chenye jina. Jairo aliona hii sasa ndiyo elimu ya maana: mkwe ndani, yeye nje, ukuta katikati, Mungu juu.

Kasoro ilikuwa moja. Kila jioni Tulia alizisuuza ncha zote na kuzirudisha vichupani kwa vidole vyake. Yaani kitu kilichotoka mkononi mwa mkwe kiingie mkononi mwa baba mkwe, halafu kiende kwenye maziwa ya nyumba? Jairo aliliwaza jambo hilo njia nzima ya kurudi, na alipofika kwenye banda la ng'ombe wake Neema, jibu lilikuwa limeshamfikia. Majivu. Majivu hutoa masizi ya sufuria, hutoa shombo la samaki, hutoa mafuta ya nguruwe kwenye sinia. Yashindwe na alama ya kidole cha mwanamke? Akachota majivu jikoni, akayachekecha yakawa laini kama unga wa muhogo, akayafunga kwenye kipande cha jani la mgomba, akatia mfukoni.

Asubuhi ya kwanza alikuwa mbele ya foleni. Aliyepokea maziwa ni Bushiri, mwenye duka la kando ya kituo, ambaye babu yake alitoka Kilwa akifuata biashara ya nguo. Bushiri kazaliwa hapahapa, kasoma hapahapa, anaita ndizi kwa majina ambayo wenyeji wenyewe wameyasahau. Lakini kwao alifundishwa neno moja na halikumtoka: mgeni hacheki ngoma ya wenyeji. Basi alipomwona Jairo anatoa ncha kichupani, anafungua jani, anatema mate kidogo kwenye majivu na kuanza kusugua uzi wa kioo kama anasugua chungu, Bushiri aliinua macho akatazama Mlima Rungwe. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, lakini aliutazama vilevile.

Jairo akapangusa ncha kwa jani, akaitumbukiza kwenye keni.

Taa ikawaka bluu.

"Imekosea," akasema Jairo.

"Irudie, mzee," akasema Bushiri.

Akaitoa, akaisugua vizuri zaidi, akairudisha. Bluu ikakolea, kama sare ya shule.

Maziwa yakakataliwa. Jairo akarudi nayo nyumbani, akapita njia ya mtoni ili asikutane na watu, akakutana nao wote.

Alianza na ng'ombe. Alimkamua Neema chuchu moja moja, akanusa, akaonja, akamtazama usoni. "Neema, kama una ugonjwa sema sasa, tuko wawili tu." Neema akaendelea kutafuna majani yake ya mabingobingo. Akaitwa daktari wa mifugo. Akaminya kiwele, akatikisa kichwa, akasema angependa wagonjwa wake wote wawe na afya kama ile.

Hilo halikumsaidia Jairo, lilimwangamiza. Maana kama ng'ombe ni mzima na taa inasema bluu, linabaki jambo moja tu, na jambo hilo kila mtu Kinyala alilijua: magadi. Na kanuni ya chama ilisema atakayekamatwa na magadi atolewe, jina lake lisirudi. Aliyeitetea kanuni hiyo kwa kupiga meza, siku wengine walipotaka iwe faini tu, alikuwa Mzee Jairo mwenyewe. Alisema siku ile kwamba mtu wa magadi ni mwizi aliyevaa joho.

Asubuhi iliyofuata taa ikawa bluu tena. Jairo akamgeukia Bushiri.

"Mwambie huyo wa ndani kwamba ng'ombe wangu hali magadi, na mimi siyajui."

Mlango ulikuwa wazi na Tulia alikuwa hatua chache tu, lakini Bushiri akaingia kwa adabu zote.

"Baba mkwe wako anakusalimu sana," akasema. "Anauliza habari za watoto. Anasema, kwa upole kabisa, kwamba..."

"Sikusema kwa upole," akasema Jairo kutoka barazani.

"Anasema hakusema kwa upole."

"Mwambie baba namwamkia: tata, ugonile," ikajibu sauti ya Tulia. "Mwambie uzi haujui nani katia nini. Unajua tu kilichogusa ncha. Mwulize, kuna lolote linaloupata uzi kabla ya maziwa?"

Bushiri akatoka, akavuta pumzi. Kabla hajafungua kinywa Jairo akasema, "Mwambie uzi wangu ni msafi kuliko nyuzi zote hapa."

Bushiri akaukumbuka ule usuguaji, akataka kusema neno. Akaona si lake. Akaingia kusema kwamba uzi ni msafi sana.

Fred alikuja kwa Jairo jioni, akakaa kwenye kigoda.

"Jairo, mimi na wewe tumechunga pamoja."

"Tumechunga."

"Kama umetia kidogo tu, kwa sababu mama hayupo, maziwa yamechelewa..."

"Fred, ondoka kwenye kigoda changu."

"Naondoka. Lakini kesho wanachama wote watakuwepo. Ikiwa bluu tena, kanuni ni yako, uliipigia meza mpaka vikombe vikaanguka."

Usingizi wa Jairo usiku ule ulikuwa wa vipande vipande. Mtu anaweza kuishi bila chama. Maziwa yatanywewa na wajukuu. Lakini jina? Angekaaje kiti cha mzee wa kanisa, asome neno la Mungu, na watu wote chini wanawaza magadi? Na aliyemtia aibu ni mkwe wake, ambaye hata kumkemea haruhusiwi.

Asubuhi akavaa lile koti. Akachukua majivu mara mbili ya siku zote.

Baraza lilijaa. Jairo akapita katikati, akatoa ncha yake kichupani, akageuka pembeni kidogo kama mtu anayetaka kupenga kamasi, akasugua. Leo isiwe na doa. Akasugua mpaka vidole vikamuuma. Bushiri akautafuta mlima. Jairo akapangusa, akatumbukiza.

Bluu.

Fred akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba maneno anayopaswa kusema yameandikwa humo.

"Kitendawili," ikasema sauti kutoka upande wa pili wa ukuta.

Baraza likatazamana. Ilikuwa sauti ya Tulia, na hakumtaja mtu. Kitendawili ndivyo kilivyo, hakitegewi mtu, kinategwa tu kama mtego wa njiani, anaswe atakayenaswa. Lakini kina adabu yake: kikishatamkwa lazima kiitikiwe. Kukiacha kikining'inia ni kama kumwacha mtu kanyoosha mkono wa salamu. Na pale barazani aliyejua vitendawili kuwapita wote, aliyekuwa akiwatega wajukuu mpaka wakasinzia juu ya sahani, ni mmoja. Kinywa chake kikafunguka bila kumwomba ruhusa.

"Tega," akasema Jairo.

Fred akairudisha kofia kichwani.

"Mgeni wangu ana mikono miwili," ikasema sauti. "Mmoja kashika ukuta, mmoja kashika shuka. Mwenyeji kila akimkaribisha, anamvua shuka."

Jairo akafumba macho. "Mgomba."

"Bado."

"Popo," akasema Bushiri, ambaye hakuweza kujizuia.

"Bado."

"Mgonjwa wa hospitali," akasema Fred.

"Bado, baba."

"Utando wa buibui," akasema Jairo. "Muhindi. Mtoto anayeogeshwa."

"Bado. Nipe mji."

Jairo alikuwa hajawahi kutoa mji tangu akiwa kijana. Akakunja uso.

"Chukua Lupepo."

"Lupepo ndiko kwetu. Mtu hapewi kwao."

"Kisiba basi."

"Kisiba nilifika. Ziwa zuri, lakini mimi sijui kuogelea."

"Chukua Kiwira."

"Sokoni Kiwira mna tope, na mabuti yangu yametoboka."

"Tukuyu," akasema Jairo kwa uchungu. "Tukuyu yote, na stendi yake."

"Tukuyu mvua haikatiki. Nguo zangu zitakauka lini?"

"Mzee anagawa wilaya," Fred akamnong'oneza Bushiri.

"Ongeza na Katumba, na chai yake," akasema Jairo, "lakini mkuu wa wilaya akiuliza, mimi sipo."

"Nimepokea. Nilikwenda Tukuyu, nikaanika nguo, nikaishia Katumba kunywa chai. Na Lupepo na Kisiba na Kiwira nimezipokea pia, maana ulishazitoa." Watu wakaguna kwa furaha. "Mgeni wangu ni ile dawa. Ukuta alioushika ni kioo, shuka ni rangi. Mwenyeji simjui, mimi niko ndani. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi, kabla ya maziwa, mwanga wa uzi mmoja hutikisika huku kwangu kama mtu anasugua sufuria. Rangi ya uzi huo imebaki kama nywele za kipara. Atakayesema unasuguliwa kwa kitu gani, namrudishia mji mmoja."

Mkono wa Jairo ulikuwa mfukoni, juu ya jani. Akinyamaza, ni mtu wa magadi. Akisema, watauliza sababu, na sababu ataisikia yule aliye nyuma ya ukuta. Siku zote hizo aliwaza heshima tu. Sasa kwa mara ya kwanza akaliwaza neno lenyewe likiingia sikioni mwa mwanamke aliyezunguka migomba kwa ajili yake katika mvua: nimeuosha mkono wako kama ninavyoosha shombo.

"Majivu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akiuambia ukuta, "Si kwa ubaya. Nilidhani heshima inataka hivyo."

Ndani kichupa kiligonga kichupa.

"Majivu na magadi ni watoto wa tumbo moja, tata," ikasema sauti, na ilikuwa kama inazuia kicheko au kitu kingine. "Ulimi wangu hauwezi kuwapambanua. Hata kwenye rangi kidogo iliyobaki, wote ni bluu."

"Mimi nilimwona tangu siku ya kwanza," akasema Bushiri.

"Ukanyamaza?" akauliza Fred.

"Nilidhani ni mila."

"Mila gani ya kuosha unywele kwa majivu?"

"Ya kwangu," akasema Jairo. "Nimeianzisha juzi."

Hapo baraza likapasuka kwa kicheko, na hata mama mmoja aliyekuwa amebeba ndoo kichwani ikabidi aitue. Lakini Fred alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hana rafiki. Aliinua mkono.

"Majivu tumeyasikia. Ila mtu anaweza kusugua majivu na bado akatia magadi. Maziwa hayajajibu."

Ilikuwa kweli, na Jairo alijua ni kweli. Angekuwa ni mtu mwingine, yeye mwenyewe angelisema.

"Ncha mpya ipo," akasema Tulia. "Nimeimaliza sasa hivi. Inatoka mkononi mwangu, na haioshwi kwa kitu."

Uzi ukaanza kutokeza kwenye tundu, taratibu, kama konokono anayechungulia baada ya mvua. Ulifika nusu ukasita, na Jairo akajua mkono ulioushika kule ndani nao unaogopa.

"Nikushikie, mzee?" akasema Bushiri kwa huruma. "Mimi si mkwe wa mtu hapa."

"Kanuni inasema kila mtu atumbukize mwenyewe," akasema Jairo. "Hiyo nayo niliipigia meza."

Akatoa lile jani la mgomba mfukoni, akaliweka juu ya ukuta wa baraza. Akaipangusa mikono kwenye koti. Kisha akaushika uzi, ungali umeshikwa upande wa pili, na kwa muda kidogo mkwe na baba mkwe wakawa wameshika kitu kimoja, kuna mkono huku na mkono kule. Mbingu haikuanguka. Ukungu tu ulizidi kidogo, lakini huo ni wa kila siku.

Akatumbukiza.

Taa haikuwaka mara moja, ilikuwa inaonja. Halafu ikaja kijani, kijani cha majani machanga ya chai, na baraza zima likapumua.

"Maziwa mazima," akasema Fred kwa sauti ya mwenyekiti. Kisha kwa sauti ya mtu aliyechunga naye: "Naomba kurudi kwenye kigoda chako."

"Utakaa chini kwanza. Kigoda tutakizungumza."

Bushiri akamimina maziwa kwenye keni kubwa la chama, akayatazama yanavyoanguka kama mtu anayeona mlima ukifunuliwa. Watu wakamsogelea Jairo, huyu akimpa mkono, yule akimwuliza kama majivu yake yanauzwa kwa kilo au kwa debe. Akawaacha waseme. Akachukua keni lake tupu, akashuka ngazi, akafika chini, akapanda tena mpaka kwenye tundu. Akaugeukia ukuta, macho kayaelekeza kwenye bati.

"Wewe ukuta," akasema, "mwambie aliye nyuma yako kwamba ndaga, nashukuru. Na umwambie nimejibu lile swali la majivu, kwa hiyo nadai mji wangu mmoja."

"Ukuta unauliza, unataka upi?"

"Katumba."

"Katumba haupatikani. Chai imeshachemka."

"Tukuyu."

"Nguo ziko kambani, bado mbichi."

Jairo akafikiri. "Nipe Lupepo basi. Ulisema mwenyewe ni kwenu, hupewi."

"Lupepo nimemwekea mama, akirudi apumzikie."

"Sasa mimi nimebaki na nini?"

"Kinyala, tata. Hii hukuitoa."

Jairo akashuka ngazi tena, keni likigongagonga gotini. Nyuma yake vicheko viliendelea, naye hakugeuka. Alikuwa anaitafuta njiani, kati ya migomba na michai, hoja ya kurudishiwa walau Kiwira, maana kule viazi vilikuwa vimeiva.